Miaka Baada ya Kiharusi: Mgonjwa Mwenyewe Anasemaje?

Mara nyingi katika ukurasa huu tumeeleza namna ya kujikinga na shinikizo la damu, na namna ya kumwahisha hospitali mtu aliyepigwa na kiharusi. Juu ya miaka inayofuata tumesema machache mno. Mgonjwa akisharuhusiwa kutoka wodini, akafika nyumbani na kuizoea fimbo yake, sisi wauguzi tunaona kazi imekwisha, na ninyi ndugu zake mnapumua. Kwake yeye ndiyo kwanza kazi inaanza, nayo yaweza kuendelea kwa miaka 10 au 15. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo moja la miaka hiyo, yaani namna mtu aliyenusurika na kiharusi anavyoiona afya yake mwenyewe. Hatuulizi daktari anaionaje, wala mke wake, wala jirani anayepita njiani. Tunamwuliza yeye.

Tuanze na maamkizi, kwa sababu ndipo sisi wenyewe tulipojikwaa. Kwa desturi yetu, hata mtu akiwa hoi kitandani, akiulizwa "Hujambo?" atajibu "Sijambo". Hiyo ni adabu, wala si uongo. Mzee akiingia kliniki tunamwamkia "Shikamoo, mzee", naye anaitikia "Marahaba, nesi". "Habari za afya?" "Nzuri." Halafu ananyamaza kidogo, anatazama chini, na kuongeza: "Ila huu mkono." Mwingine husema: "Ila usiku." Mwingine: "Ila nyumbani." Kwa miaka mingi sisi tuliliandika kwenye kadi lile neno la kwanza, tukapima presha, tukatoa dawa, tukamwita anayefuata kwenye foleni. Kilichokuja baada ya "ila" hatukukiandika popote. Tunalikiri kosa hilo mapema, ili msomaji asidhani kwamba leo tumekuja kuwanyoshea wengine kidole.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo

Tunauona mkononi, mguuni na mdomoni, lakini ugonjwa wenyewe uko kichwani. Ubongo hulishwa na damu kwa njia ya mishipa midogo na mikubwa. Mshipa mmoja ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka na damu ikavuja, sehemu ile ya ubongo hukosa hewa safi na chakula, na baada ya dakika chache huanza kufa. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na upande wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa watu walio wengi, uwezo wa kusema nao uko upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo sababu wengi waliopooza mkono na mguu wa kulia hupoteza pia usemi. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Vingine ni kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, na moyo kupiga bila mpango.

Wako wanaodhani huu ni ugonjwa wa Ulaya au wa matajiri. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Wataalamu waliwahesabu wote waliopatwa na kiharusi, pamoja na wale ambao hawakufika hospitali kamwe. Hesabu iliporekebishwa kwa kufuata umri wa watu, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya kama 108 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na kama 315, hesabu iliyozidi ya nchi nyingi tajiri. Wagonjwa wa Hai walipofuatiliwa nyumbani kwao, karibu robo yao walifariki ndani ya siku 28, na kabla ya miaka 3 kwisha zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa.

Hatutaji hayo ili kumtisha mtu. Tunataka msomaji aelewe kwamba hao tunaowazungumzia leo ni waliosalia, na wao wenyewe wanalijua hilo. Mama mmoja mchuuzi wa ndizi hutuambia kila mwaka: "Tulilala wanne chumba kile. Mimi tu ndiye ninayekuja hapa."

Swali moja lenye uzito

Watafiti wa nchi nyingi hutumia swali fupi sana: "Kwa jumla, unaionaje afya yako? Ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, au mbaya sana?" Zamani tuliliona kama swali la kupotezea muda. Mtu aliyesoma na mwenye mashine ya kupimia presha ana haja gani na maoni ya mgonjwa? Lakini mwaka 1982 watafiti wawili wa Kanada walitoa habari za wazee zaidi ya 3,000 wa jimbo la Manitoba waliokuwa wameulizwa swali la namna hiyo. Wazee waliosema afya yao ni mbaya walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wale waliosema ni nzuri, hata pale kumbukumbu za matibabu yao zilipozingatiwa. Mwaka 1997 watafiti wengine walikusanya pamoja tafiti 27 za nchi mbalimbali, na karibu zote zilionyesha jambo lilelile. Wale hawakuwa wagonjwa wa kiharusi peke yao, ni kweli. Lakini jibu la mtu kuhusu afya yake limeonekana kuwa na habari ambazo hazimo kwenye kadi.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, mwenye mwili ndiye anayelala nao na kuamka nao. Anajua mambo ambayo mashine haijayagusa. Pili, anavyojiona ndivyo atakavyojitunza. Anayesema "mimi nimekwisha" haoni sababu ya kumeza kidonge, wala ya kuunyosha mguu asubuhi. Na anayesema "mimi nimepona", kama tutakavyoona, naye ana hatari yake.

Majibu yaliyotushangaza

Mtu angetegemea kwamba aliyepooza zaidi atasema afya yake ni mbaya zaidi, na aliyerudiwa na nguvu atasema ni nzuri. Wengi hujibu hivyo. Nguvu za viungo zina uzito wake, na hatusemi vinginevyo. Lakini wako wengi wa kutosha wanaojibu kinyume, na hao ndio waliotufanya tuanze kusikiliza.

Tunaye fundi seremala aliyepigwa na kiharusi miaka 6 iliyopita. Mkono wake wa kulia umekufa kabisa, umekunjwa kifuani kama mtoto aliyebebwa. Tulipomwuliza swali lile alisema: "Nzuri." Tulidhani ni adabu tu, tukarudia. Akasema tena: "Nzuri. Mkono umekufa, kazi haijafa." Kumbe kila siku yuko karakana, kwenye kiti chini ya dirisha. Vijana wake wawili wanapiga randa, yeye anapima ubao kwa macho, anakataa mbao mbovu, anapatana bei na wateja. Wateja bado wanamwita fundi.

Naye mwalimu mmoja wa kike alipona hata wanafunzi wake wakapiga vigelegele. Anatembea bila fimbo. Anasema vizuri. Anaandika ubaoni. Mtu asiyemjua hawezi kuamini kwamba aliwahi kulala wodini wiki 3. Yeye alijibu: "Mbaya." Tukamwomba aeleze. Akasema ifikapo saa 5 asubuhi mwili wake unaisha kama taa iliyokwisha mafuta. Kelele za darasani zinamchoma kichwani. Jina la mtoto aliyemfundisha miaka miwili linapotea mdomoni. Anapokaa chini kupumzika, wenzake wanasema: "Mwalimu siku hizi amekuwa mvivu." Akatuambia jambo ambalo hatujalisahau: "Ningekuwa nachechemea wangenihurumia."

Uchovu wa namna hiyo baada ya kiharusi ni jambo la kweli, tena hutokea sana. Si uvivu, wala hauendi sawa na ukubwa wa kupooza. Huweza kumpata hata aliyepatwa na kiharusi kidogo, ukadumu miaka. Ubongo uliojeruhiwa unafanya kazi ileile kwa jasho zaidi. Yako pia maudhi mengine yasiyoonekana: kusahau, kushindwa kufuata mazungumzo ya watu wengi kwa mara moja, kucheka au kulia ghafla bila sababu yenye uzito. Hilo la kulia huwatia wanaume aibu kubwa. Mzee anaanza kuhesabu fedha za mchango mbele ya watu, mara machozi yanamtoka. Watu hudhani amepatwa na msiba, au amerukwa na akili. Ni jeraha la ubongo lililolegeza breki za kilio, na daktari akielezwa anaweza kusaidia.

Maumivu ya bega tutayataja kwa haraka, maana mara nyingi tunayaleta sisi wenyewe. Mkono uliopooza ukivutwa ili kumwinua mgonjwa kitandani, bega huachia na kuuma kwa miezi. Mshike kiunoni au chini ya ukwapa wa upande mzima. Usimvute kwa ule mkono.

Pale ambapo mtu mwingine hujibu

Wagonjwa waliopoteza usemi ndio wanaosahauliwa kuliko wote. Swali linaulizwa kwao, jibu linatoka kwa aliyewasindikiza. Nasi tulilizoea jambo hilo hata hatukuliona kuwa kasoro. Mzee mmoja alikuja kliniki yetu miaka mingi na mkewe. Tulimwuliza mama: "Mzee anaendeleaje?" Mama alijibu: "Anateseka, nesi. Afya hana." Tuliandika hivyo.

Siku moja tuliamua kumwuliza mwenyewe. Tulimwonyesha vidole vyetu 5 tukamweleza polepole: kidole gumba ni mbaya sana, kidole cha mwisho ni nzuri sana, shika kimoja. Tulirudia mara mbili, kisha tukasubiri. Kungoja ndiko kugumu. Muuguzi mwenye wagonjwa 40 kwenye benchi huona nusu dakika kama saa nzima. Mzee alivitazama vidole vyetu, akanyosha mkono wake wa kushoto, akashika kidole cha nne. Nzuri. Mama alishangaa kuliko sisi. Kisha mzee akaonyesha mlango, akaonyesha tena, akapiga goti lake kwa hasira. Tulibahatisha mengi kabla ya kumwelewa: alitaka kutoka. Nyumbani walikuwa wakimficha chumba cha ndani kila walipokuja wageni, kwa mapenzi, ili asichekwe. Jumuiya ikisali kwao, yeye alisikia nyimbo kupitia ukutani.

Watafiti waliolinganisha majibu ya wagonjwa na majibu ya watu wanaowatunza wamekuta mara kwa mara kwamba mtunzaji huiona hali kuwa mbaya kuliko mgonjwa mwenyewe anavyoiona. Hatumlaumu mama yule. Yeye ndiye aliyeamka usiku kumgeuza mzee ubavu miaka yote hiyo, na uchovu wake mwenyewe uliingia katika jibu lake. Siku hiyo tulimpima na yeye presha, tukaikuta iko juu. Tangu hapo hatumpimi mgonjwa bila kumpima aliyemleta.

Jambo la kutoka nje kwenda kwa watu si dogo. Katika ule utafiti wa Hai, wagonjwa waliosalia waliulizwa kuhusu hali ya maisha yao, wakalinganishwa na majirani wa umri wao ambao hawakuugua. Kwa ujumla walijiona wako chini kuliko majirani. Lakini miongoni mwa wagonjwa wenyewe, wale waliokuwa na nguvu zaidi mwilini, wasio na wasiwasi na huzuni nyingi, na wanaoshiriki zaidi katika shughuli za watu, walijiona afadhali. Tuangalie yale mawili ya mwisho. Daktari wa mazoezi ya viungo ni adimu, na wengi wenu mngepanda magari mawili kumfikia. Lakini kumtoa mzee nje, kumweka kwenye kiti barazani watu wanapokusanyika, kumpa hata kazi ya kuangalia kuku wasiingie kwenye mtama, hakuhitaji nauli.

Miaka inavyobadilisha jibu

Wapo wanaotuuliza kwa nini mgonjwa huyohuyo, ambaye mkono wake haujabadilika, mwaka wa kwanza aliona afya yake mbaya, na mwaka wa tano anaiona nzuri. Je, anajidanganya?

Hatuoni hivyo. Kipimo anachokitumia ndicho kilichobadilika. Mwaka wa kwanza anajilinganisha na yeye mwenyewe wa juzi, aliyebeba gunia na kupanda mlima. Kwa kipimo hicho lazima ashindwe. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ndipo viungo hurudi kwa kasi zaidi, kwa hiyo kila asubuhi anakitazama kidole kama kimejongea, na siku kisipojongea anakata tamaa. Baadaye maendeleo huwa ya polepole, ingawa hayakomi kwa wote. Ndipo anapoanza kujilinganisha na wengine, pamoja na wale waliolala naye wodini wasioamka tena. Anajifunza kufunga kifungo kwa mkono mmoja. Anagundua kwamba wajukuu hawajali mkono upi unawapa peremende. Na wenzake wa rika nao wanazeeka. Mzee mmoja wa miaka 74 alituambia huku akicheka: "Mwanzo nilikuwa peke yangu na fimbo. Sasa tukitoka kanisani, wote tuna fimbo."

Lakini si kila mmoja hupanda hivyo. Kwa wengine jibu hushuka kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka wa kwanza nyumba imejaa wageni, sukari na sabuni zinaletwa, watoto wanapiga simu kila jioni. Mwaka wa nne hakuna anayebisha hodi. Fedha za matibabu zimekula ng'ombe. Mke amechoka. Mgonjwa aliyesema "nzuri" mwaka wa pili anasema "mbaya" mwaka wa tano, na presha yake kwenye kadi ni ileile. Usipouliza tena hutajua.

Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopatwa na kiharusi hupatwa wakati fulani na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayoondoa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi. Huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Wengine huuchanganya na mambo ya nguvu za giza. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika Dar es Salaam wengi walikieleza kiharusi kuwa ni kazi ya mashetani au uchawi, wakati kule Hai watu walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Hili lina uzito katika habari yetu. Anayeamini kwamba alitupiwa kitu huiona afya yake kuwa mikononi mwa adui. Humkagua kila jirani anayekuja kumjulia hali, na baadaye majirani hawaji. Wengine wanatuuliza kwa sauti ya chini kama Mungu anawaadhibu. Tunawaonyesha namba za presha zao za miaka iliyopita, tunawaambia: kilichopasua mshipa ni hiki.

Neno "nimepona"

Tunafika sasa mahali panapotuuma. Alikuwepo mfanyabiashara mmoja, mtu wa miaka 52, aliyerudi kliniki mwaka mmoja baada ya kiharusi akiendesha gari mwenyewe. Tulifurahi mno. Tulimwita daktari aje amwone. Tulimwambia mbele ya wote kwenye benchi: "Baba, umepona kabisa!" Tulipomwuliza afya yake alisema ni nzuri sana. Akaondoka, hakurudi.

Baada ya miaka 2 aliletwa usiku amelala kwenye kiti cha nyuma, hajitambui. Mkewe alituambia aliacha vidonge muda mrefu uliopita. Alipomsihi, mumewe alimjibu: "Manesi wenyewe walisema nimepona. Mzima hanywi dawa." Alifariki siku ya tatu.

Si sisi tulioupasua ule mshipa. Lakini neno tulilomtuma nalo nyumbani lilikuwa bovu. Siku hizi hatumwambii mtu amepona kiharusi. Tunamwambia: "Umerudi vizuri, na dawa ndizo zinazokulinda." Shinikizo la damu haliumi. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku namba zake zikiwa 190 kwa 110. Kwa hiyo katika jambo hili la presha, na katika hili tu, usiliamini jibu la mwili wako mwenyewe, amini mashine. Kwa wengi waliokwisha kupatwa na kiharusi, daktari hulenga namba zibaki chini ya 130 kwa 80. Nchini Marekani, karibu kiharusi 1 katika kila 4 humpata mtu aliyekwisha kupatwa nacho kabla. Dawa ya presha hunywewa kila siku, na haiachwi kwa sababu siku imekuwa nzuri. Kama fedha imekwisha, njoo useme. Ziko dawa za bei nafuu, na kubadilishiwa dawa ni afadhali kuliko kukaa bila dawa. Aspirini nayo ni suala la daktari: humsaidia mwenye mshipa ulioziba, ila yaweza kumdhuru ambaye mshipa wake ulipasuka. Usinunue dukani kwa kuiga jirani.

Namna ya kuuliza nyumbani

Usiulize mbele za watu, kwa maana utapewa jibu la maamkizi. Ngoja jioni, mkiwa wawili. Muulize mzee au mama anaionaje afya yake, kisha muulize kitu gani kinamnyima raha zaidi, na kitu gani angependa kukifanya mwezi huu ambacho sasa hakifanyi. Halafu nyamaza. Kama maneno hayatoki, tumia vidole kama tulivyoeleza, au mpe maswali ya ndiyo na hapana, moja baada ya jingine. Asiyeweza kusema si kiziwi, wala si mtoto, usimpigie kelele. Mara nyingi jibu litakuwa dogo kuliko ulivyoogopa. Mama mmoja alitaka tu kupika ugali wake mwenyewe. Binti zake walimnyang'anya mwiko kwa huruma, naye akaona kwamba amezikwa akiwa hai. Walimtafutia sufuria ndogo na mahali pa kukaa jikoni. Mwezi uliofuata alituletea habari hiyo kabla hatujamwuliza presha.

Wenye ndoa wana "ila" yao ambayo hawathubutu kuitamka. Wengi wanaogopa kwamba tendo la ndoa litaleta kiharusi kingine, basi wanalala mbalimbali miaka, kila mmoja akidhani mwenzake hamtaki tena. Kwa wengi ambao hali yao imetulia na presha imedhibitiwa, hakuna hatari kubwa. Muulizeni daktari pamoja, bila haya. Sisi tumekwisha kusikia maswali yote.

Jibu likibadilika ghafla hilo ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyesema jana "nzuri", leo uso umekwenda upande, mkono hauinuki, au maneno yanababaika, huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama hali itapita baada ya dakika 10. Msingoje asubuhi.

Kwa wale wanaohudhuria kliniki yetu, tumeongeza mstari mmoja kwenye kadi, chini ya presha. Hapo tunaandika jibu la mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, na "ila" yake. Njooni na vidonge vyote katika bahasha yake, hata vilivyobaki. Anayemsindikiza mgonjwa ataombwa kungoja kwanza kwenye benchi la nje. Tutamwita baadaye, naye tutamwuliza habari zake.